Ndege iliyoshindwa na machweo: kisa cha dakika saba uwanjani

Kisa hiki kilitokea kwenye kampuni moja ya safari za ndani, siku ya kawaida isiyo ya sikukuu wala ya mvua kubwa. Majina ya watu, kampuni na vituo nimeyaondoa. Saa nimezisogeza kidogo, ila tofauti kati ya saa na saa nimeziacha zilivyokuwa, kwa sababu somo lenyewe limo humo. Mimi nilikuwa mkuu wa zamu ya mchana upande wa huduma za ardhini. Nalisema hili mapema kwa kuwa mojawapo ya makosa yaliyomo ni langu, na msomaji ana haki ya kumjua anayemhadithia.

Usuli

Ndege ilikuwa ya mapangaboi mawili, viti sabini na kidogo. Kila siku ilifanya mizunguko mitatu kutoka kituo kikuu cha pwani: alfajiri kaskazini, kabla ya adhuhuri nyanda za juu, alasiri magharibi ya mbali. Abiria mwenye tiketi ya saa 8:00 mchana huiwazia ndege hiyo kama basi lililoegeshwa stendi likimsubiri. Kumbe saa ile anayokunywa chai ya asubuhi nyumbani, ndege yake iko mkoa mwingine na watu wengine, na kila dakika wanayopoteza wao itafika mezani kwake baadaye.

Kituo cha magharibi kilikuwa na lami nzuri, lakini hakikuwa na taa za barabara ya kurukia. Jua likizama, uwanja umefungwa. Siku ile machweo ya kule yalikuwa saa 12:50 jioni. Dunia huzunguka nyuzi moja ya longitudo kila dakika nne, na kituo kile kiko yapata nyuzi tisa magharibi ya pwani, kwa hiyo jua lake huchelewa zaidi ya nusu saa kuliko letu. Wapanga ratiba walikuwa wameihesabu nusu saa hiyo kama akiba. Ilikuwa ni akiba kweli, ila yenye ukuta mwishoni.

Kutua kabla ya giza hakutoshi, maana ndege lazima iondoke tena kule kabla ya giza, la sivyo italala huko na safari ya kesho alfajiri itakosa chombo. Hesabu basi hufanywa kwa kurudi nyuma. Ili iruke kabla ya 12:50, magurudumu yaanze kusogea kule saa 12:40. Kushusha na kupakia ni dakika 25, kwa hiyo iwe imeegeshwa saa 12:15. Safari, kuanzia maegesho hadi maegesho, ni saa mbili na robo. Saa ya mwisho ya kuondoka pwani, siku ile, ilikuwa saa 10:00 jioni kamili. Ratiba ilisema saa 8:00 mchana. Saa mbili za nafasi, na kwa macho ya mtu aliye ofisini hizo ni nyingi mno.

Jambo jingine la usuli ni dakika 30 ambazo ratiba ilizipa ndege kituo kikuu kati ya mzunguko na mzunguko. Ndani ya dakika hizo choki, vile vizuizi vya magurudumu, ziwekwe, mapangaboi yasimame, abiria sitini washuke, mizigo ishushwe, ndani pafagiliwe, bauza lije lijaze mafuta, mizigo mipya ipakiwe, abiria wapya wapande, karatasi ya uzito isainiwe, mlango ufungwe. Vijana wetu wakiwa kamili na bauza likiwa jirani, tuliweza kwa dakika 35. Sikuwahi kuona 30 zikitimia.

Siku ilivyokwenda

Asubuhi kulikuwa na ukungu kaskazini. Ndege iliyotakiwa kuondoka saa 12:10 iliondoka 12:48. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Ukungu wa kule hukaa mpaka jua liupige, na rubani aliyesubiri chini pwani aliokoa mafuta ambayo angeyachoma akizunguka angani.

Ilirudi saa 3:57 badala ya 3:15. Ikatumia dakika 39 kugeuka, yaani kushusha na kupakia upya, tisa zaidi ya ratiba, kisha ikaenda nyanda za juu. Kule kulikuwa na timu moja ya mizigo na tela moja, na ndege ya kampuni nyingine ilikuwa imetangulia dakika chache. Dakika nane zikaliwa. Saa 8:29 mchana ikaegesha pwani ikiwa nyuma kwa dakika 59. Marubani na wahudumu wa zamu ya pili walikuwa tayari wanasubiri, kwa hiyo saa zao za kazi hazikuwa tatizo.

Saa 8:35 rubani alikuwa anaizunguka ndege kwa miguu, kama ilivyo kawaida, akainama kwenye mguu wa kushoto. Tairi la nje lilikuwa na mkato unaopita kipimo kinachoruhusiwa. Fundi alipoulizwa itachukua muda gani, alijibu kwa tahadhari ya mafundi wote: saa moja, ikizidi saa moja na nusu.

Saa 8:50 kaunta ikatangaza kwamba ndege itaondoka saa 10:15 jioni.

Tuishike saa hiyo. Aliyetangaza alichukua saa moja na nusu ya fundi, akaijumlisha na saa iliyokuwepo ukutani, akapata 10:20, akairudisha nyuma kidogo ipendeze. Hakuna aliyemwambia kwamba 10:15 haipo. Saa hiyo ilikuwa nje ya saa ya mwisho kwa robo saa. Ndege ikiondoka 10:15 haiendi popote. Abiria walisikia tangazo, wakafanya lile ambalo watu wenye akili hufanya wakipewa saa nzima na ushei. Wengine walitoka nje kwenda kula, wengine kupiga simu kwenye kivuli, wengine kuswali.

Fundi na msaidizi wake walimaliza saa 9:12. Dakika 37, tangu jeki mpaka sahihi. Nimewaona mafundi wengi na sijaona tairi likibadilishwa kwa utulivu ule na kasi ile. Saa 9:15 tukaita abiria wapande, saa nzima kabla ya muda tuliowatangazia.

Katikati ya hayo kuna ujumbe. Saa 9:05 chumba cha operesheni kilituma kwa wahusika wote, geti likiwamo, mstari mmoja: mwisho wa kuondoka 1300Z. Herufi Z ni saa ya Zulu, saa ya dunia inayotumiwa na marubani na waongozaji kila mahali, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Zulu 1300 ni saa 16:00 kwenye tiketi, na saa 10 jioni kwenye mdomo wa Mswahili. Dada wa getini aliuona ujumbe ule kwenye simu yake. Akasoma 1300, akaona ni saa saba mchana, na saa saba ilikuwa imeshapita saa mbili nyuma. Akadhani ni ujumbe wa safari nyingine uliochelewa kufika. Akaweka simu mfukoni, akaendelea kukagua kadi za kupandia. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Saa 9:38 abiria wote walikuwa ndani isipokuwa mmoja. Bauza, ambalo rubani alilirudisha kuongeza mafuta ya kumfikisha uwanja mbadala wenye taa, lilikuwa limemaliza dakika moja nyuma. Karatasi ya uzito ilikuwa tayari. Tukamwita mtu yule kwa kipaza sauti mara tatu. Saa 9:46, dakika nane zimepita, nikaamua begi lake lishushwe.

Begi lenyewe lilikuwa shangazi kaja, lile la nailoni la miraba ya bluu, nyekundu na nyeupe. Kwenye buti la nyuma la ndege ile, safari ile ya magharibi, kulikuwa na shangazi kaja kumi na moja. Kijana aliingia kwa magoti akiwa na tochi mdomoni, akawa anageuza tegi moja moja na kusoma tarakimu za mwisho kwa sauti, mwenzake nje akilinganisha na karatasi. Hatukuwa na utaratibu wa kuandika begi gani limeingia na tela gani. Mengine yalibidi yatolewe mpaka kwenye lami ndipo ya chini yaonekane.

Saa 9:52, begi bado halijapatikana, mwenyewe akatokea. Mzee wa miaka sitini hivi, kanzu imelowa jasho mgongoni, viatu mkononi. Alikuwa amekwenda kuswali alasiri kwenye msikiti wa nje ya uzio, akanywa kahawa kikombe kimoja, akarudi taratibu akijua ana dakika ishirini na tatu za ziada.

"Mwanangu, mlisema saa kumi na robo."

"Mzee wangu, geti limefungwa. Tunakutolea begi lako."

"Lakini ndege si ile pale?"

Ilikuwa pale, hatua themanini, mlango wazi, ngazi zimeshikwa. Nilimkatalia. Begi likapatikana saa 10:00, la tisa katika kumi na moja. Karatasi ya uzito ikaandikwa upya, mlango ukafungwa saa 10:04, ndege ikasogea saa 10:07.

Maamuzi na sababu zake

Kushusha begi la mtu ambaye hakupanda si ukaidi wa kampuni. Tarehe 23 Juni 1985 ndege ya Air India, safari namba 182, ililipuka juu ya Atlantiki karibu na Ireland, watu 329 wakafa. Bomu lilikuwa ndani ya begi ambalo mwenyewe alilisajili na asipande. Miaka mitatu baadaye, Lockerbie huko Scotland, begi jingine lisilo na msafiri liliua watu 270. Kanuni za kimataifa zilikazwa baada ya hapo, na kampuni yetu ilizifuata hata kwa safari za ndani. Kwa hiyo uamuzi wa saa 9:46 ulikuwa sahihi. Kama una kasoro, ni kwamba ulichelewa: nilipaswa kumtuma kijana butini tangu mwito wa pili, akatafute bila kushusha.

Uamuzi wa saa 9:52 ndio unaonisumbua. Nilikuwa nimeshatoa amri, orodha ya abiria ilikuwa imeshapunguzwa mtu mmoja, na kichwani mwangu kulikuwa na sentensi ambayo wakuu wa zamu hufundishana: geti likifungwa limefungwa. Sentensi hiyo ina maana yake. Bila hiyo kila ndege ingesubiri kila mtu. Lakini ililengwa kuokoa dakika, na siku ile yenyewe ndiyo iliyozipoteza. Ningempandisha mzee, utafutaji ungesimama palepale, mabegi yaliyokuwa kwenye lami yangerudishwa kwa dakika tatu, karatasi ya kwanza ya uzito ingebaki halali, na ndege ingesogea kama saa 9:58. Ndani ya saa ya mwisho. Mimi saa ya mwisho sikuwa nayo kichwani. Nilikuwa na 10:15 ya kaunta, na kwa 10:15 nilikuwa mtu mwenye nafasi tele.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa rubani. Baada ya kusogea, mnara ulimsimamisha kabla ya barabara ya kurukia kwa dakika saba, ndege mbili zitue. Alitumia dakika hizo kupiga hesabu upya. Angefika magharibi saa 12:29. Akigeuka kwa dakika 25 angekuwa tayari kusogea saa 12:54, uwanja umeshafungwa dakika nne nyuma. Alikuwa na njia mbili nyingine. Kuomba wenzetu wa kule wageuze ndege kwa dakika 15, jambo ambalo hufanyika ukiwa na bahati na mizigo michache. Au kwenda na kulala huko, mzunguko wa alfajiri ya kesho ufe. Akachagua kurudi maegeshoni.

Abiria walitangaziwa kwamba uwanja wanaokwenda hufungwa jua likizama. Ilikuwa saa 10:20, jua la pwani linapenya madirishani kama kisu, watu wameshusha vifuniko vya madirisha wasiungue. Mama mmoja alimwambia mhudumu, kwa upole kabisa, "Mwanangu, jua gani hilo linalozama?" Sijui ningemjibu nini.

Matokeo

Watu 61 walishuka, wakapewa chakula, na wasio na jamaa mjini wakapelekwa hotelini. Watu 58 waliokuwa wanasubiri magharibi walirudi majumbani. Mmoja wao alikosa usafiri wa nje ya nchi usiku ule. Kesho yake ilipangwa safari ya ziada saa 2:30 asubuhi, nayo ikachelewesha mzunguko wa nyanda za juu kwa saa nzima. Ndege ya alfajiri iliondoka kwa wakati, na hilo ni tunda la uamuzi wa rubani ambalo halikuandikwa popote, kwa sababu ripoti huandika kilichoharibika tu.

Uchambuzi

Ripoti ya kampuni ilitumia msimbo 93. Misimbo hii ya tarakimu mbili ni ya IATA, umoja wa kimataifa wa mashirika ya ndege, na hutumiwa karibu dunia nzima kutaja sababu ya kuchelewa: 93 ni ndege kuchelewa kufika kutoka safari iliyotangulia, 15 ni abiria aliyesajiliwa akakosekana getini, 36 ni mafuta, na ule wa 09, ambao sijawahi kuona mtu akiuandika kwa hiari, ni ratiba kutoa muda mfupi kuliko unaohitajika ardhini. Kwa 93 lawama ilikwenda kwa ukungu wa asubuhi, na ukungu hauitwi kwenye kikao.

Mimi nafsi yangu naona vingine. Ukungu, tela la nyanda za juu na tairi kwa pamoja vilikula saa moja na ushei, na vyote vilikuwa ndani ya saa mbili za nafasi. Saa 9:38 ndege ilikuwa na dakika 22 za akiba, imejaa mafuta, imesainiwa. Ilishindwa baada ya hapo. Na mtu mmoja aliyekosekana hakukosekana kwa uzembe wake. Alikosekana kwa sababu alituamini. Tangazo la 10:15 ndilo lililomtoa nje, na ndilo lililonifanya mimi nisiwe na haraka saa 9:52. Saa moja ya uongo, isiyo na nia mbaya, iliharibu pande zote mbili za geti.

Ile saa ya kweli ilikuwepo. Ilikuwa imeandikwa, imetumwa, imepokelewa, hata imesomwa. Ila ilikuja kwa saa ya marubani, ikafika kwa mtu ambaye kadi anazokagua zimeandikwa saa za tarakimu 24 na ambaye mdomoni, kama sote, anahesabu saa kuanzia alfajiri. Saa tatu tofauti kwenye jengo moja, na aliye nazo zote tatu alikuwa ameketi kwenye usukani wa ndege, mbali na geti. Kikaoni kulikuwa na waliotaka dada yule apewe onyo. Nilipinga, na nashukuru halikufanyika. Mtu hawezi kuonywa kwa kusoma 1300 kama inavyosomeka.

Kilichofanya kazi vizuri ni kile ambacho mtu mmoja alikuwa na taarifa zote na mamlaka yote pamoja. Rubani aliuona mkato wa tairi kwa kuwa aliinama. Fundi alibadilisha tairi bila kumsubiri mtu. Rubani tena aliigeuza ndege bila kuomba ruhusa ya biashara. Palipohitaji watu wanne kujua namba moja, kaunta, geti, butini na mimi, kila mmoja alikuwa na namba yake.

Tulibadilisha mambo matatu na moja halikufaulu. Saa ya mwisho sasa huandikwa kwa kalamu nene kwenye ubao wa geti, kwa saa ya Kiswahili, hata kijana wa tela anaisoma akipita. Mizigo ya safari za machweo huandikwa kwa tela: tela la kwanza, la pili, la tatu, ili begi likitafutwa lisitafutwe kote. Lile lililoshindikana ni kuwaambia abiria "msitoke, subirini hapahapa" bila saa yoyote. Tulilijaribu wiki tatu. Watu wakikosa saa hukasirika kuliko wakipewa saa mbaya, na nadhani wana haki. Tukarudi kutaja saa, ila saa ya mapema kabisa ndege inayoweza kuondoka, si ile ya tahadhari. Dakika 30 za ratiba bado ni 30.

Kesho yake, saa 1 na nusu na ushei asubuhi, nilimkuta yule mzee amekaa mbele ya geti, shangazi kaja lake liko kati ya miguu, hajalisajili bado. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kinyongo. Akauliza kama anaweza kwenda kunywa kahawa palepale pa jana.

"Nina dakika ngapi, mwanangu? Za kweli."

Nikaangalia ubao. Nikamwambia hamsini na mbili, asajili begi kwanza. Alirudi baada ya kumi na nane, na kikombe cha pili amekishika mkononi, akanipa.